"Washa Taa Kubwa": Tahakiki ya Istilahi za Mwanga wa Gari Wakati wa Mvua

Masika yanapoushika mji wa Dar es Salaam, kuanzia Machi hadi Mei, madereva husikia agizo moja likirudiwa na walimu wa udereva, makondakta wa daladala, na hata abiria waliojawa na hofu: "Mvua hii, washa taa kubwa." Ni sentensi fupi. Sarufi yake haina dosari, maneno yake yote ni ya Kiswahili, na hapana dereva atakayekiri kwamba hakuielewa. Katika makala haya twakusudia kuonyesha kwamba sentensi hiyo haina maana moja, kwamba maana yake mojawapo inaweza kuua, na kwamba lawama ya jambo hilo haiwaangukii madereva. Inatuangukia sisi tunaofasiri, tunaofundisha, na tunaoandika matangazo ya serikali.

Wakati fulani tulialikwa kusikiliza mafunzo ya udereva katika sehemu za Temeke. Mwalimu, mtu mzima aliyeijua kazi yake, alilifikia somo la mvua akatoa agizo lilelile. Kisha akawaita wanafunzi wawili, mmoja baada ya mwingine, waketi ndani ya gari la mafunzo wakalitekeleze. Wa kwanza alizungusha ncha ya kijiti cha swichi kilicho kando ya usukani, akapita kituo cha kwanza, akafika cha pili, akaishia hapo. Wa pili alizungusha vilevile, kisha akakisukuma kijiti mbele, na taa ndogo ya buluu ikawaka mbele ya macho yake. Mwalimu aliwaambia wote wawili, "Vizuri sana." Wanafunzi hao walikuwa wamefanya mambo mawili yanayopingana, na wote wawili walikuwa wamewasha taa kubwa.

Tuitazame mitambo kabla ya kuyatazama maneno. Gari la kawaida lina hali tatu za mwanga wa mbele. Ya kwanza ni ile ya vitaa hafifu vya pembeni, ambavyo humwonyesha mwingine kwamba hapa pana gari, wala havimsaidii dereva kuiona njia. Ya pili ni mwanga wenye nguvu ulioelekezwa chini, ukiangaza sehemu ya barabara iliyo mbele ya gari bila kumpiga machoni anayekuja. Ya tatu ni mwanga wenye nguvu uliopandishwa, unaokwenda mbali na kumulika kila kilicho mbele. Hali hizo ni tatu, lakini Kiswahili tunachokitumia katika maandishi kina majina mawili tu, tena yote mawili ni ya ukubwa: "taa ndogo" na "taa kubwa". Dereva anayelinganisha hali ya kwanza na ya pili huiita ya pili taa kubwa. Dereva anayelinganisha ya pili na ya tatu huiita ya tatu taa kubwa. Kila mmoja ana haki yake, maana ukubwa ni jambo la kulinganisha, na agizo letu halikusema kinacholinganishwa ni nini.

Aidha, jina lenyewe si la kweli. Katika magari mengi taa inayotoa mwanga wa pili na ile inayotoa mwanga wa tatu ni moja: balbu moja yenye nyuzi mbili, na swichi huchagua uzi wa kuwaka. Hapana taa iliyokua. Jambo hili lajionyesha wazi zaidi katika pikipiki, na hao ndio wasafiri wa barabara za Mbagala, Chamazi, Tandale na Bunju kwa idadi isiyohesabika. Pikipiki ya bodaboda ina taa moja tu mbele. Mwenye pikipiki hiyo, akiambiwa awashe taa kubwa, atatafuta kubwa iko wapi na ndogo iko wapi, na mwisho atafanya kile anachodhani tunamtaka afanye, yaani atapandisha mwanga.

Akiupandisha wakati wa mvua nini hutokea? Mwanga uliopandishwa hukutana na matone yanayoanguka mbele ya gari, na kila tone huurudisha sehemu yake kwa aliyeutuma. Dereva huona ukuta mweupe mahali palipokuwa na barabara. Lami nayo ikilowa hugeuka kuwa kama kioo: huupeleka mwanga mbele badala ya kuurudisha, hivyo mwenye gari haioni njia yake vizuri, ilhali anayekuja upande wa pili hupigwa machoni mara mbili, na taa yenyewe na kivuli chake kilicho juu ya maji. Wazee wetu walikuwa na neno la jambo hili. Walisema mtu "ametiwa kiwi". Jua likikupiga ghafula utokapo ndani ya nyumba yenye giza, limekutia kiwi. Ni neno lililo hai bado katika pwani, na hatujui kwa nini waandishi wa vitabu vya usalama barabarani huliacha wakaandika sentensi ndefu za "kuathiri uwezo wa kuona wa dereva mwingine", kana kwamba Kiswahili hakikuwahi kuona mwanga mkali kabla ya gari kuja.

Basi dereva aliyetiwa kiwi katika Barabara ya Kilwa, saa moja ya jioni, mvua ikimwagika, hubaki kipofu kwa muda mfupi, na katika muda huo gari lake huendelea kwenda. Kando ya barabara hiyo wako watu wanaosubiri daladala, wamesogea karibu na lami kwa kuwa nyuma yao pana dimbwi. Mwanafunzi wa pili wa mwalimu wetu wa Temeke aliambiwa "vizuri sana" kwa tendo ambalo laweza kuwafikia watu hao.

Sasa tutazame wenzetu walivyofanya. Mkataba wa Usafiri wa Barabarani uliotiwa sahihi mjini Vienna tarehe 8 Novemba 1968 uliandikwa kwa lugha tano, yaani Kichina, Kiingereza, Kifaransa, Kirusi na Kihispania, na waandishi wake walizitenganisha taa kwa kazi zake. Taa moja ilielezwa kuwa ni ya kuangaza barabara hadi mbali mbele ya gari. Nyingine ni ya kuangaza barabara bila kuwatia kiwi au kuwasumbua wanaokuja. Wafaransa huita ya kwanza taa ya barabara, na ya pili taa ya kupishana. Wajerumani huita ya kwanza mwanga wa mbali, na ya pili mwanga usiotia kiwi. Hata michoro iliyomo katika swichi za magari, ambayo haina lugha, hutofautisha vizuri kuliko sisi: mwanga wa mbali huchorwa kwa mistari iliyolala sawasawa, na ule mwingine kwa mistari iliyoinama. Hapana mchoro wa taa kubwa na taa ndogo.

Waingereza ndio wasiokuwa na msimamo. Baadhi yao huuita mwanga ule wa pili kwa neno la kuinamisha, na Wamarekani huuita kwa neno la kufifisha au kwa neno la chini. Sisi katika gereji zetu tulichukua lile la kufifisha, tukasema "dimu", na kwa ule wa tatu tukasema "ful". Hapa yatupasa kutamka jambo ambalo huenda lisiwapendeze baadhi ya wasomaji wa jarida kama hili. Maneno hayo mawili ya gereji, pamoja na sura yake ya kigeni, ni bora kuliko "taa kubwa" kwa upande wa maana. Mwambie dereva yeyote wa daladala aweke dimu, ataweka dimu. Mwambie apige ful, atapiga ful. Utata haupo. Utata uliingia pale mtu mwenye kalamu alipoyaona maneno hayo hayana adabu ya Kiswahili sanifu, akayafuta, na mahali pa yote mawili akaandika "taa kubwa". Tulisafisha lugha tukaharibu agizo.

Hatusemi haya ili kutetea kila neno la mkopo. Utaratibu unaojulikana wa kuunda istilahi, ambao Baraza la Kiswahili la Taifa limeufuata kwa muda mrefu tangu liundwe kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967, ni kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu na za Kiafrika, na ndipo kukopa kutoka nje. Utaratibu huo tunaukubali. Lakini kutafuta ndani ya lugha maana yake ni kutafuta neno linalobeba dhana ile ile. Neno la Kiswahili lililobeba nusu ya dhana limeshindwa na neno la mkopo lililoibeba yote. Mfano mwema wa kutafuta ndani uko mikononi mwa kila dereva: neno "usukani". Nahodha wa jahazi alikuwa na usukani kabla dereva hajazaliwa, na gari lilipokuja neno likavuka kutoka baharini hadi barabarani bila kuyumba, kwa sababu kazi ni ile ile ya kukielekeza chombo. Hakuna aliyehitaji kutangaziwa.

Je, kwa taa zetu tunaweza kupata jambo kama hilo? Wako wanaopendekeza kuiga njia ya Wafaransa na kusema "taa za kupishana", au kwa usahihi zaidi "taa za kupishania". Neno ni zuri, na kupishana ni adabu inayojulikana katika njia nyembamba kila mahali. Hata hivyo tuna shaka nalo kwa ajili ya mvua. Mtu aliye peke yake barabarani usiku wa mvua, kati ya Boko na Bunju, hapishani na mtu yeyote. Ukimwambia kwamba mwanga unaomfaa ni wa kupishania, atasubiri mpaka aone gari lingine ndipo aushushe, na hadi hapo ataendelea kuutazama ukuta wake mweupe. Jina limfundishe kwamba mwanga ule ni kwa manufaa yake mwenyewe pia.

Sisi twaelekea kwenye "mwanga wa karibu" na "mwanga wa mbali". Kwanza, neno ni mwanga, si taa, kwa kuwa taa ni ile ile na kinachobadilika ni mwanga wake. Hivyo hata mwenye bodaboda mwenye taa moja anaambiwa jambo linalowezekana. Pili, karibu na mbali hazina ulinganishi wa kuteleza kama kubwa na ndogo, maana kila jozi ya maneno hapa ina mwanga miwili tu, na vile vitaa vya pembeni havina umbali wowote wa kuangaza. Tatu, majina haya yanafanya kazi jua likiwa limezama na mvua ikinyesha mchana, akiwapo mwenzako na asipokuwapo. Vitaa vya pembeni viendelee kuitwa taa ndogo. Jina hilo halikosei, na watu wamelizoea.

Kitenzi nacho kirekebishwe. Tumezoea kusema "punguza taa", na hapa tena tumeufuata ule ufifishaji wa gereji. Mwanga wa karibu haukupunguzwa, umeinamishwa. Dereva anayedhani kwamba anaambiwa apunguze nguvu ya mwanga wake wakati anahitaji kuona, ni rahisi akatae moyoni, na mara nyingine atarudi hadi taa ndogo akidhani amefanya ustaarabu. Tuseme "shusha mwanga" na "pandisha mwanga". Vitenzi hivi vinaeleza kinachotokea kweli, na vinaeleweka hata kwa mtoto.

Tunakuja kwenye jambo gumu zaidi, nalo ni zile indiketa nne zinazowaka na kuzimika kwa pamoja, ambazo barabarani huitwa "hazadi". Mvua inapokuwa kubwa katika Barabara ya Morogoro au ya Bagamoyo, utaona magari yanakwenda mstari mzima, kila moja likimetameta pande zote mbili. Wenyewe huamini wanafanya wema. Lakini gari linalometameta hivyo limejinyima lugha yake: dereva akitaka kukata kona kuingia Mwenge au Tegeta, indiketa ya upande mmoja haionekani tena, kwa kuwa zote zinawaka. Aliye nyuma hajui kama gari la mbele linakwenda, limesimama, au linakata. Juu ya hayo kuna desturi ya madereva wengi ya kuwasha hazadi kwenye makutano ili kusema "naenda moja kwa moja". Alama moja basi imepewa maana tatu: nimeharibikiwa, mvua inanyesha, na sikati kona. Katika istilahi tungeliita hilo kosa kubwa. Katika makutano ni kubwa zaidi.

Je, Kiswahili kina hatia hapa? Tunadhani kinayo sehemu yake. Wafasiri wengi, wakikutana na neno la Kiingereza la taa hizi, huandika "taa za tahadhari" au "taa za hadhari", na wengine "taa za dharura". Kwa sikio majina hayo yanapendeza. (Kwa kupita tu, msomaji atafurahi kujua kwamba hadhari na hazadi si ndugu ingawa yanafanana. La kwanza tulilipata kwa Waarabu. La pili tumelipata kwa Waingereza, waliolipata kwa Wafaransa, na wataalamu wengi wa asili ya maneno hudhani kwamba Wafaransa nao walilipata, kupitia Hispania, katika neno la Kiarabu la dadu. Kama ni hivyo, maneno yote mawili yametoka katika nyumba ya Waarabu kwa milango tofauti, moja likiwa na busara na jingine likiwa na kamari.) Lakini yafikirie kwa akili ya dereva aliye katikati ya mvua. Ameambiwa tangu shuleni kwamba mvua ni wakati wa tahadhari. Mbele yake kipo kitufe kinachoitwa cha taa za tahadhari. Atafanyaje asikibonyeze? Jina limemwamuru. Vivyo hivyo kwa dharura: gharika inayoshuka bonde la Msimbazi pale Jangwani ni dharura kwa kila hali.

Mkataba wa Vienna unaziruhusu taa hizi kwa ajili ya hatari mahususi tu: gari lililoharibika au kupata ajali na ambalo haliwezi kuondolewa mara moja, au hatari iliyo karibu kutokea ambayo wengine wanapaswa kuonywa. Mvua inayomnyeshea kila mtu si hatari mahususi. Aliye nyuma anaiona mwenyewe. Tunapendekeza "taa za mkwamo". Gari lililokwama katika maji ya Jangwani, lililopasuka tairi Mbagala Rangi Tatu, au lililozimika kwenye tope la Buza, lina mkwamo. Gari linalokwenda halina. Tunajua pingamizi litakalotolewa: jina hili haliifuniki ile hali ya pili ya Mkataba, ya kumwonya aliye nyuma kwamba mbele pana foleni ya ghafula. Ni kweli, haliifuniki. Lakini tukilazimika kuchagua kati ya jina linaloacha nje matumizi machache halali na jina linaloalika matumizi mengi yasiyo halali, twachagua la kwanza, na yale machache yaelezwe kwa maneno. Wanaopendelea "vimulimuli", kwa kuwafuata wale wadudu wa usiku, wana hoja nzuri ya sura, lakini neno hilo limekwisha kuchukuliwa na taa zinazozunguka juu ya magari ya msafara na ya wagonjwa. Kulirudisha nyuma kungeleta mgogoro mpya.

Kuhusu taa za ukungu tutasema machache, kwa kuwa kwa Dar es Salaam ni taa za mgeni. Ukungu unaozihitaji uko Lushoto, Njombe, na katika miinuko ya Mbeya. Huku pwani wengi wanalijua neno ukungu kwa mkate uliolala na ukuta uliolowa. Mkataba huruhusu taa hizo ziwashwe pia katika mvua kubwa. Kwa hiyo aliyezifasiri kwa jina la ukungu peke yake amemnyima dereva wa Temeke ruhusa ambayo Mkataba ulikuwa umeitoa. Isimamishwe tafsiri au iongezewe maelezo, sisi tungependa iongezewe maelezo; jina limekwisha kuenea na magari yote yamechorwa hivyo.

Limebaki neno la mwanzo kabisa la kila kanuni ya aina hii, nalo ni "hali mbaya ya hewa". Nani aamue kwamba hewa ni mbaya? Kwa mkulima wa Mkuranga mvua ya Aprili ni heri. Kwa ofisi inayotabiri hali ya hewa, ubaya una vipimo vyake. Dereva hahitaji kuihukumu hewa; anahitaji kupima anaona hadi wapi. Kanuni za barabara za Uingereza hutoa kipimo: taa za mbele ziwashwe pale mtu asipoweza kuona zaidi ya mita 100, ambayo ni kadiri ya urefu wa uwanja wa mpira. Neno tunalolihitaji basi ni "umbali wa kuona". Wengine huandika "mwonekano", lakini mwonekano ni sura ya kitu kinachotazamwa, na hapa tunazungumzia uwezo wa anayetazama. Kanuni iseme: umbali wa kuona ukiwa chini ya mita 100, iwe ni mvua, vumbi, moshi au ukungu. Hapo ndipo aliyeshika usukani ana kitu cha kukipima.

Kipimo hicho kina faida nyingine, kwamba hakitaji saa. Taa zimefungamana mno na usiku katika fikra zetu. Katika mji huu ulio karibu na digrii 7 kusini mwa Ikweta, jua huzama mwaka mzima kati ya saa kumi na mbili na dakika chache na saa moja kasorobo, na giza hufuata upesi, hivyo kila mtu anajua wakati wa taa umefika. Mvua ya saa kumi alasiri ndiyo inayotuponza. Dereva anaiona njia kwa shida lakini anaiona, kwa hiyo haoni haja ya taa. Anasahau kwamba mtoto atokaye shuleni Charambe, ameinamisha kichwa chini ya mwavuli au mfuko wa nailoni, hana njia ya kulitofautisha gari la kijivu na mvua ya kijivu. Tungeweza kusema kwamba taa si za kuonea tu, ni za kuonekania pia. Ila tungechekwa, maana kuonea kwa Kiswahili kuna maana yake nyingine, ingawa anayekuja na mwanga wa mbali juu ya lami iliyolowa anastahili kuitwa mwonevu kwa maana zote mbili.

Kwa nini tunayasema haya sasa? Kwa sababu kazi ya kufasiri sheria imekwisha anza. Sheria ya Usalama Barabarani, iliyotungwa mwaka 1973, iliandikwa kwa Kiingereza, na kwa miaka mingi Kiswahili cha barabarani kilikuwa cha mazungumzo na matangazo tu, ambamo utata haukumfikisha mtu mahakamani. Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Tangu hapo neno la mfasiri si ushauri tena. Dereva atakayeshitakiwa kwa kutowasha taa zinazotakiwa atahukumiwa kwa neno lililoandikwa, na wakili wake, kama ana akili, atauliza mbele ya hakimu taa kubwa ni zipi. Tungependa kumwonea huruma hakimu huyo kabla hajaulizwa.

Haitoshi kutengeneza orodha ambamo neno la Kiingereza huwekwa kushoto na la Kiswahili kulia, kama tulivyofanya mara nyingi tangu vijitabu vya Tafsiri Sanifu vilipoanza kutoka katika miaka ya 1970. Orodha za namna hiyo zilitusaidia sana, na aliyezitumia hawezi kuzidharau. Lakini katika orodha "taa kubwa" ingeonekana haina kasoro: ingelikabili neno moja la Kiingereza katika ukurasa mmoja na neno jingine katika ukurasa mwingine, na hakuna ambaye angezilinganisha kurasa hizo. Kasoro ilionekana pale tu watu wawili walipoketi katika gari moja wakaambiwa watende.

Tuliliandika upya agizo la mwalimu wetu hivi: "Umbali wa kuona ukiwa chini ya mita 100, usiku au mchana, washa mwanga wa karibu. Usiupandishe. Usiwashe taa za mkwamo gari likiwa linakwenda." Tukarudi nalo Temeke, na mwalimu kwa ukarimu wake akawaita wanafunzi wale wale. Wote wawili waliishia kituo cha pili. Mmoja akatoa kichwa dirishani akauliza kama mwanga wa karibu ndiyo dimu. Tukamjibu kwamba ndiyo.